Mikono ya Baba ilianza kutetemeka, fimbo ya kamera ikamrudisha kwenye picha

Wazazi wenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Desemba mwaka juzi binti yangu alihitimu chekechea. Tulijipanga kama familia. Mama alishona kitenge, dada yangu alileta keki, na Baba, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye ndiye mpiga picha wa ukoo tangu enzi za filamu, alipewa kazi yake ya siku zote. Alikaa nyuma kabisa ya ukumbi ili asiwazibe wazazi wengine. Alikuwa na kamera yake na ile lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 300 aliyoletewa na kaka yangu.

Jioni tulipozihamishia picha kwenye kompyuta, hakuna hata moja iliyofaa. Mtoto ana joho, ana kofia, ana cheti mkononi, lakini uso ni ukungu mtupu. Nikasema, tena mbele ya wageni, "Baba, umetuharibia mahafali ya mtoto."

Hakujibu. Aliifuta lenzi kwa leso yake, akairudisha kamera kwenye mkoba, akaupandisha mkoba juu ya kabati. Ulikaa huko miezi minane.

Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya. Kila wiki nawaambia mchunguze hiki, mpime kile. Katika miezi hiyo minane sikuona kwamba Baba alikuwa anaomba chai nusu kikombe. Sikuona kwamba kwenye harusi alikaa mikono ikiwa chini ya meza, na kwamba kadi za michango alianza kumwachia Mama aziandike. Nilisikia maneno ya mtaani kuwa mzee ameanza kunywa kwa siri, nikamkasirikia aliyeyaleta, lakini sikwenda kumuuliza Baba mwenyewe.

Aliyeona ni binti yangu. Siku moja mezani, nyumbani kwa wazazi wangu Tengeru, akasema, "Babu, mbona kijiko chako kinacheza?"

Wote tukanyamaza. Babu akamjibu kwa utani wao wa siku zote, "Kinacheza kwa sababu kimemwona mke wangu mdogo." Mtoto akacheka, ila mimi na Mama tulitazamana.

Kutetemeka si ugonjwa mmoja

Hapa nivae kofia yangu ya kazini kidogo. Mikono ya kila mtu hutetemeka. Nyoosha mkono wako sasa hivi, weka karatasi juu ya vidole, utaona ncha za karatasi zinacheza. Mtetemeko huo mdogo huongezeka ukiwa na njaa, ukichoka, ukiogopa, ukinywa kahawa nyingi, au ukishika kitu kizito kwa muda. Huo hauna shida.

Unaohitaji daktari ni ule unaokuja na kukaa, unaozidi mwezi hadi mwezi, au unaomzuia mtu kufanya mambo yake. Sababu ni nyingi. Tezi ya shingoni, ile thairoidi, ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hutetemeka, hukonda na moyo humwenda mbio. Sukari ikishuka kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, mikono hutetemeka na jasho linamtoka, na hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo. Dawa ya kuvuta ya pumu hutetemesha. Mtu aliyezoea pombe akiiacha ghafla hutetemeka, na huyo naye ni wa kupelekwa hospitali, si wa kuchekwa.

Halafu kuna mitetemeko miwili ambayo watu huichanganya. Wa ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja na huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika mapajani. Huambatana na ukakamavu na mwendo wa polepole, mkono haupepei mtu anapotembea, na mwandiko huwa mdogo mdogo. Mwingine huonekana mkono unapofanya kazi, yaani kushika kikombe, kuandika, kuinua kamera. Huu mara nyingi hugusa mikono yote miwili na hupita katika ukoo. Tulipoulizwa kama kuna ndugu aliyekuwa hivyo, Mama ndiye aliyekumbuka. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akimimina chai hadi sahani inajaa, na sisi wajukuu tulidhani ni ukarimu.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Hapo jirani tu, wilayani Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 wakitafuta wagonjwa wa Parkinson. Matokeo yakatoka mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kuwa wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao hivyo hivyo, na majirani wakiwa na maelezo yao.

Baba alipokubali kwenda hospitali, daktari hakuanza na mashine. Alimwangalia mikono ikiwa mapajani, kisha ikiwa imenyooshwa. Akamwambia aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, mara kadhaa. Akampa kalamu achore mzunguko kama gamba la konokono. Mstari ulikuwa na meno kama msumeno. Damu ikapimwa sukari na thairoidi, zote ziko sawa. Ikaonekana ni ule mtetemeko wa kurithi, unaozidishwa kidogo na dawa ya pumu ambayo Baba alikuwa akiivuta ovyo bila mpangilio.

Dawa zipo. Inayotumika sana ni propranolol, lakini haimfai mtu mwenye pumu, inaweza kumbana kifua vibaya. Nawaomba sana, msimnunulie mzee vidonge duka la dawa kwa sababu vilimsaidia mzee wa jirani. Kwa Baba, daktari alipanga upya dawa ya pumu, akamtaka apunguze kahawa, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mzee anapenda kufanya nini?"

Nikasema picha.

"Basi mtafutieni pa kuegemeza. Mtetemeko wa aina hii unachukia kubeba. Ukimwondolea uzito, unapungua."

Mguu mmoja unavyofanya kazi

Nilirudi chumba cha habari nikamweleza mwenzangu anayepiga picha za mpira. Kama umewahi kwenda Uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya mechi, umewaona pale nyuma ya goli, lenzi kubwa imekaa juu ya fimbo moja ya chuma. Wengine huiita monopodi, yeye anaiita mguu mmoja. Ni bomba linalofunguka vipande vipande kama antena ya redio ya zamani. Juu lina skrubu ya kamera, chini lina kiatu cha mpira. Stendi ya miguu mitatu inatulia zaidi, ila inachukua nafasi, na mchezo ukihamia upande wa pili huwezi kuufuata. Mguu mmoja unazunguka nao.

Akanieleza kwa nini picha za Baba ziliharibika, na hapo ndipo aibu iliponishika vizuri. Lenzi ndefu inapovuta kitu karibu, inavuta na mtikisiko wako. Mkono ukicheza kidogo sana, kwenye lenzi ya milimita 300 sura nzima inahama. Wapiga picha wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba kwa lenzi ya milimita 300 usishuke chini ya sehemu moja ya 300 ya sekunde. Kwa kamera nyingi za bei ya kati, ambazo kihisi chake ni kidogo, ni salama zaidi kwenda moja ya 500. Sasa ukumbi wa mahafali una giza. Kamera ikiachwa ijiamulie, inaacha shata wazi muda mrefu ili mwanga uingie. Hata kijana mwenye mikono ya chuma angetoka na ukungu pale. Baba hakuwa ameharibu chochote peke yake.

Mguu mmoja hufanya mambo mawili. Kwanza unabeba uzito. Lenzi ya milimita 150 hadi 600 wanayobeba watalii ina karibu kilo mbili kabla hujaweka kamera, na misuli iliyochoka hutetemeka zaidi. Pili, unazuia kamera kupanda na kushuka. Kuyumba kwa pembeni hauzuii sana, hapo ni miguu yako. Kwa kawaida unaweza kushuka hatua mbili za shata, yaani kutoka moja ya 500 hadi moja ya 125, na bado picha ikatulia. Lakini haumsimamishi mtoto anayekimbia. Siku ya michezo shuleni acha shata iwe ya kasi, hata kama una fimbo.

Namna ya kusimama ni muhimu kuliko bei ya fimbo. Panua miguu, weka ncha ya fimbo mbele kidogo, ili miguu yako na fimbo viwe mafiga matatu. Kamera iegemee kwako kidogo. Pandisha fimbo hadi kioo cha kuchungulia kifike jichoni bila kuinamisha shingo. Mzazi akiinama kwa saa nzima ya gwaride la watoto, jioni analalamika mgongo na anasema ni mashuka. Viwiko karibu na mbavu. Mkono wa kushoto ukandamize lenzi kwa juu, taratibu, kuelekea chini kwenye fimbo. Kamera iguse kwenye paji la uso. Toa pumzi, na kabla ya kuvuta nyingine bonyeza kitufe kwa kukikamua, usikidonoe. Kama lenzi ni kubwa na ina pete yenye mguu wake, funga fimbo kwenye hiyo pete, si chini ya kamera, la sivyo uzito wote unaning'inia mbele.

Nilipomwonyesha Baba, alikumbuka wachungaji. Ukipita barabara ya Kisongo utawaona, fimbo mbele, mwili umeegemea, wanatazama ng'ombe saa nzima bila kuchoka. "Hawa wamejua zamani," akasema.

Kuna jambo jingine la ndani. Mvua za masika zilizopita Baba aliteleza uani, na Mama akamnunulia mkongojo. Aliutundika nyuma ya mlango na hajaugusa hadi leo. Mguu mmoja aliupokea siku hiyo hiyo. "Huu ni wa waandishi wa habari," akamwambia Mama. Nikamwacha na furaha yake, ila nilimwambia wazi kwamba hii siyo ya kutembelea. Vifungo vya mabomba haya vimetengenezwa kubeba kamera, na mtu mzima akiuegemea kwa uzito wake wote bomba linaweza kuzama ghafla naye akaanguka. Ziko fimbo za kupandia milima zenye skrubu ya kamera chini ya kirungu, hizo zinabeba mtu. Ya kawaida hapana. Dukani, funga vifungo vyote, kisha ikandamize kwa mikono miwili. Ikishuka hata kidogo, rudisha.

Na kama fedha hakuna, zipo njia nyingine. Tafuta boliti inayoingia kwenye tundu la chini la kamera, ifunge kamba ndefu, ikanyage kamba kwa mguu kisha vuta kamera juu hadi kamba ikaze. Inashangaza inavyosaidia. Kwa simu, ile fimbo ya kujipigia picha igeuze, ncha iguse sakafu au goti, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise. Au egemea nguzo ya ukumbi tu. Tahadhari moja kwa sote: fimbo ishike wima kwenye umati wa watoto. Ncha iliyolala begani iko sawasawa na macho yao.

Momella

Baba alifanya mazoezi wiki tatu nyumbani, akiwinda tetere kwenye mparachichi. Kisha Jumamosi moja tukakodi gari, sisi watatu na dereva, tukaenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa wanaoishi mjini na hawajawahi kufika, ni mwendo wa kilomita 35 hivi. Unafuata barabara ya Moshi, ukipita Usa River unakata kushoto kuelekea Momella. Hifadhi ilianza mwaka 1960 ikiitwa Kreta ya Ngurdoto, Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. (Upande huu ndio wenye maji ya floraidi inayofanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia. Nimejizuia, hiyo ni makala nyingine.)

Ukishaingia geti la Ngongongare unakutana na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo. Pundamilia walikuwa karibu, nyati kwa mbali. Ndani ya gari mguu mmoja si rahisi, unagonga kiti na dereva. Pale tulitumia mfuko wa maharage wa Mama, kilo mbili, umewekwa kwenye dirisha, lenzi imelala juu yake. Injini izimwe, maana gari linalonguruma hutetemesha kuliko mkono wowote wa mzee.

Ndipo nilipomwomba radhi kwa yale maneno ya mahafali. Nilikuwa nimeyabeba muda mrefu. Aliendelea kuchungulia pundamilia wake, kisha akasema bila kugeuka, "Nilijua ni mikono. Nilijua kabla yenu. Niliogopa mkinipeleka hospitali wataniambia nisishike kamera tena. Nikaona bora niiache mwenyewe."

Wazazi, nimekaa na sentensi hiyo mpaka leo. Miezi minane mtu mzima alificha ugonjwa kwa sababu ya hofu ya kunyang'anywa kitu anachokipenda, na mimi nilikuwa nimemthibitishia kwamba ananyang'anywa.

Msituni tuliwakuta mbega, wale weusi wenye mkia mweupe mrefu. Huko kuna giza hata saa sita mchana na mawingu ya Meru huwa hayaachi kushuka. Picha za mbega nyingi hazikutoka, hata kwa maharage. Sitawadanganya kwamba fimbo inafanya miujiza.

Kwenye maziwa ya Momella ndipo alipotulia. Kuna mahali panaporuhusiwa kushuka kwenye gari, na sheria ya hifadhi muiheshimu, usishuke popote tu eti umeona ndege. Maji yale ni ya magadi, na siku hiyo flamingo walikuwa wametanda ukingoni kama kanga iliyoanikwa. Baba akafungua mguu mmoja, akapanua miguu, akaegemea. Ardhi ilikuwa na vumbi laini na kiatu cha mpira kikawa kinateleza. Binti yangu akachuchumaa bila kuambiwa, akakishika kwa mikono miwili.

"Babu, nimekushikia. Piga."

Akapiga. Nilikuwa nyuma yao, nikaona mabega ya Baba yameshuka, hayajakaza kama zamani. Mkono wa kulia bado ulikuwa unacheza, unaonekana kabisa, lakini kamera ilikuwa imesimama. Alipiga flamingo, alipiga mwari, alimkimbiza furukombe angani na kumkosa. Kisha akamwambia mjukuu asogee mbele, asimame hapo penye nyasi, nami nikachukua zamu ya kushika kiatu.

Usiku huo tulihesabu picha 146. Zilizotikisika zilikuwa zaidi ya 60, kwa hiyo bado ni nyingi. Ya mtoto penye nyasi imetoka, hata jino lililong'oka linaonekana. Baba alikaa kwenye kochi akizifuta mbovu moja moja kwa kidole kinachocheza, na kila kidole kilipokosa kitufe, binti yangu alimbonyezea.